Kati ya Mwalo na Kliniki: Mwongozo kwa Vikundi vya Kujitolea Vinavyoshughulikia Dawa za Kulevya Mwanza na Kando ya Ziwa

Mwongozo huu ni wa watendaji wa vikundi vya kujitolea katika Jiji la Mwanza (Nyamagana) na halmashauri za Ilemela, Magu, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Unawahusu pia wale wanaokutana nao kazini kila siku: maofisa ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii wa kata, viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) kwenye mialo, matajiri wenye mitumbwi, wasimamizi wa masoko ya samaki na viongozi wa vijiwe vya bodaboda.

Kikundi kinachoanza leo hakikuti uwanja mtupu. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka (DCEA), iliyoanza kazi mwaka 2017 ikichukua nafasi ya Tume ya zamani, na Mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou-Toure ina kliniki ya methadoni. Hospitali ya Bugando ina madaktari wa magonjwa ya akili. Polisi wapo, mahakama zipo, na mwenyekiti wa mtaa yupo. Anayekosekana ni mtu wa kumfuata kijana kwenye kambi ya uvuvi, kumfikisha hadi dirisha la dawa, kumrudisha hapo kesho yake, kisha kumtafutia kazi itakayomwezesha kuhudhuria mwezi mzima. Kazi ya kikundi iko hapo, katikati. Kikundi kinachotamani kukamata, kutibu au kuhukumu kinaingilia kazi za watu wengine na kuiacha yake bila mwenyewe.

Hata kliniki zenyewe zilijengwa kwa kutegemea kazi hiyo ya katikati. Huduma ya methadoni ya Tanzania Bara ilianza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili Februari 2011. Waliowaleta wagonjwa walikuwa wafanyakazi wa mashirika ya kiraia ya Dar es Salaam, watu waliozijua maskani (vijiwe vya watumiaji) kwa majina na waliokubaliwa kukaa pale bila kushukiwa. Daktari alibaki hospitalini. Wao ndio waliotembea.

Jueni mnashughulikia nini

Neno "dawa za kulevya" linabeba vitu vingi visivyofanana, na kikundi kinachovitibu vyote kwa hotuba moja hupoteza muda. Mtaani Mwanza utakuta bangi, ambayo nyingine hutoka Tarime na bonde la Mto Mara. Utakuta mirungi inayoingia kutoka Kenya, na heroini inayouzwa kwa kete. Watoto wanaolala nje ya maduka hunusa gundi na petroli. Juu ya yote hayo ipo pombe kali, gongo ikiwa mojawapo. Pombe haimo katika orodha ya sheria ya dawa za kulevya, lakini katika kambi nyingi za uvuvi ndiyo inayoangusha watu wengi zaidi. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali kuanzia Machi 1, 2017, unywaji haukukoma. Ulibadilisha chombo.

Tofauti hizi zina matokeo kitabibu. Methadoni ni ya watu wenye uraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Haimsaidii mvuta bangi wala mlevi wa gongo, na kumpeleka mtu wa namna hiyo Sekou-Toure kwa ahadi ya "dawa ya kuacha" ni kumwaibisha yeye na kujiaibisha wenyewe. Mwenye uraibu wa heroini akikosa dawa hupata arosto ndani ya saa sita hadi kumi na mbili: maumivu ya mifupa, kuharisha, jasho, kukosa usingizi. Siku ya pili na ya tatu huwa mbaya zaidi, kisha hali hupungua ndani ya wiki moja hivi. Ni mateso makubwa, lakini kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine mara chache huua yenyewe.

Pombe ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo vikundi vyenye nia njema huleta madhara. Mtu aliyekunywa gongo kila asubuhi kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, akaanza kuona visivyokuwepo, akachanganyikiwa na hata kufa. Kumfungia chumbani "hadi imtoke", au kumweka kwenye maombi ya kufunga siku tatu bila maji wala mhudumu wa afya, ni hatari kubwa kuliko kumwacha aendelee kunywa kwa siku chache huku mkimtafutia nafasi hospitalini. Kanuni iwe hii: anayetetemeka asubuhi kabla hajanywa apelekwe kwa daktari kwanza, hata kama yeye mwenyewe ameapa kuacha leo.

Uraibu wa bangi na mirungi hauna dawa ya kumeza inayoutibu. Unahitaji mazungumzo ya mara kwa mara, kazi, usingizi, na wakati mwingine uchunguzi wa akili, hasa kwa kijana anayesikia sauti au kudhani watu wanamfuata. Huyo ni wa Bugando au Sekou-Toure. Si mgonjwa wa ushauri nasaha wa kikundi.

Kalenda ya ziwa

Ratiba nyingi za miradi hutungwa kwa wiki za ofisini: Jumatatu mafunzo, Jumatano ziara, Ijumaa ripoti. Ziwa haliendi hivyo. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi zikiwa za sola. Mbalamwezi ikiwa kamili dagaa hawafuati taa, mitumbwi hupumzika, na kwa kawaida ndipo hesabu hufungwa. Tajiri hutoa gharama za mafuta, chakula na taa, kinachobaki hugawanywa, na kijana aliyekuwa hana shilingi kwa wiki tatu anajikuta na fedha taslimu siku moja, mbali na nyumbani, asiwe na kazi ya kufanya kwa siku kadhaa. Wauza gongo na wauza kete wanaijua tarehe hiyo vizuri kuliko mratibu yeyote wa mradi.

Kwa hiyo kikundi kinachofanya kazi mialoni kiwe na kalenda ya mwezi ukutani na kipange ziara zake kwa kuifuata. Siku mbili kabla ya mapumziko ya mbalamwezi ndizo za kuzungumza na mabaharia, yaani vijana wanaovua kwenye mitumbwi ya matajiri, kuhusu fedha: nani amtumie mama yake kwa simu kabla hajashuka mjini, nani aweke kwenye kikoba, nani amkabidhi rafiki asiyekunywa. Kijana akimudu kupunguza fedha iliyo mfukoni usiku wa kwanza wa mapumziko, amejikinga kuliko vile ambavyo bango lolote lingemkinga. Siku za giza zitumike kwa wanaobaki nchi kavu: wanawake wanaoanika dagaa, mama lishe, wachukuzi, watoto wanaookota mabaki ya samaki wakati walipaswa kuwa shuleni. Sangara ana utaratibu wake na mitumbwi yake haipumziki kwa namna hiyo, kwa hiyo ulizeni kila mwalo kabla ya kupanga.

Mabaharia huhama. Akisikia samaki wamepatikana upande wa Maisome, kesho hayupo Igombe. Daftari linaloandika "mkazi wa mtaa fulani" halitampata tena. Chukueni jina la tajiri wake, la mwalo anaopenda kurudi, na la ndugu mmoja asiyehama, kwa idhini yake mwenyewe. Soko la samaki la Mwaloni Kirumba ni mahali pazuri pa kuwa na mtu wenu wa kudumu, kwa sababu dagaa na kayabo (sangara waliokaushwa kwa chumvi) za visiwani hupita pale kabla ya kupakiwa kwenda Congo, Rwanda na Burundi, na habari za watu hupita pamoja na mizigo.

Wengi kambini watawaambia kwamba bangi au gongo huondoa baridi ya usiku na woga wa mawimbi. Msiwacheke. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, mtu huhisi joto huku mwili ukilipoteza, na aliyelewa akianguka majini usiku hana nafasi kubwa ya kupona, hasa bila jaketi la kuokolea. Maelezo haya yanaeleweka kambini kwa sababu yanahusu kazi. Zungumzeni na tajiri pia kwa lugha ya kazi. Mtumbwi, injini na nyavu ni mali yake, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda maisha ya wanaomfanyia kazi. Tajiri anayekubali koti zito, chai ya moto na jaketi kwa kila baharia amefanya kazi ya kinga kabla kikundi hakijafungua mdomo.

Uhusiano na polisi, na Mamlaka, na sungusungu

Kikundi hakina bunduki, hakina kitanda cha wagonjwa wala muhuri wa mahakama. Kina kuaminiwa tu, na kikishapoteza hicho hakina sababu ya kuwepo.

Kanda hii ndiyo iliyozaa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati vijiji vya Usukumani vilipochoshwa na wezi wa mifugo. Ni historia ya watu waliojipanga wenyewe, na haina sababu ya kudharauliwa. Ila mazoea yake huingia kwa urahisi katika kikundi kipya cha vijana wenye fulana na filimbi: kuzunguka usiku, kupekua, kuchapa, kumpeleka mtu kwa mtendaji akiwa amefungwa kamba. Mkifanya hivyo mara moja, maskani itahama na hamtaipata. Watakaoumia kwanza ni wale waliokuwa wameanza kuwafuata.

Sheria haiwapi watumiaji ruhusa, na kikundi hakiwezi kumuahidi mtu kwamba hatakamatwa. Kinachowezekana ni makubaliano. Kabla ya kuanza kazi, kaeni na mkuu wa polisi wa wilaya, polisi kata na ofisi ya DCEA Kanda ya Ziwa, mweleze mnafanya nini na wapi, kisha muombe barua ya utambulisho kwa kila anayekwenda mtaani. Ombeni pia jambo moja mahususi: kusiwe na msako karibu na kliniki saa za dawa, wala msako unaofuata nyayo za wahudumu wenu. Maofisa wengi huelewa wakielezwa mapema. Wakielezwa baada ya tatizo kutokea huona kama mnamtetea mhalifu.

Namba 119 ya Mamlaka ni ya bure na ni ya kutoa taarifa. Mwananchi yeyote anaweza kuitumia dhidi ya wasambazaji. Mhudumu wa kikundi asiitumie kwa jambo aliloambiwa na mteja kwa siri akiwa kazini. Kikundi kisizoee hata kuulizwa na polisi "nani anauza huku". Jibu lifanyiwe mazoezi na kila mhudumu: kazi yetu ni wagonjwa, na anayetaka kujua wauzaji ana njia zake. Yapo mambo yasiyofichwa hata hivyo, na mteja aambiwe siku ya kwanza kabisa: mtoto anayedhurika, mtu anayepanga kuua au kujiua, na amri ya mahakama.

Siri inahitaji makaratasi pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inawataka wanaozikusanya wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa kikundi kidogo maana yake ni hii: jina halisi likae katika daftari moja lililofungiwa, na kwingine kote itumike namba. Picha za wateja zisipigwe kwa ajili ya ripoti, hata wakikubali, kwa sababu aliyekubali akiwa na arosto na ana njaa hajakubali. Vikundi vya WhatsApp vya wahudumu ndivyo vinavyovujisha siri nyingi zaidi. Jina la mteja lisiandikwe humo.

Njia ya kwenda kliniki

Methadoni hutolewa kama maji ya kunywa, mbele ya mhudumu, kila siku. Neno "kila siku" ndilo linalobeba ugumu wote, na mteja alielewe kabla hajapanda daladala. Hatakwenda ziwani wiki tatu akarudi. Akikosa siku kadhaa mfululizo, daktari lazima ampime upya kabla ya kumrudishia dozi, kwa sababu mwili umepunguza uvumilivu na dozi ile ile ya zamani inaweza kumuua.

Anayeishi Igogo au Mabatini anaweza kutembea hadi Sekou-Toure. Anayeishi Igoma au Buhongwa anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, kila siku, bila kukosa. Anayetoka Sengerema amepata nafuu tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, maana hasubiri tena kivuko, ingawa nauli bado ni nauli. Wa Ukerewe na wa visiwa vya Buchosa hawana njia ya kuhudhuria kila siku wakiwa wanalala nyumbani. Kwao kikundi kina kazi ya kutafuta ndugu wa mjini atakayempokea kwa miezi ya mwanzo, na kazi ya nchi kavu. Msimwandikishe mtu wa Ukara kliniki kabla hamjajua atalala wapi. Kuanza dawa na kuiacha baada ya siku tano kunamfanya aamini kwamba dawa haifai, na hiyo imani ataieneza.

Kazi ya nchi kavu ipo kuliko inavyodhaniwa: kushona nyavu, kupaka lami mitumbwi, kupakua, kulinda injini, kupanga magunia Mwaloni, kusafisha na kuchaji taa za sola. Tajiri aliyemfahamu kijana kabla hajaharibikiwa mara nyingi humkubali kwa majaribio, iwapo kikundi kitakuwa karibu na atapewa mtu wa kumpigia simu. Mwombeni jambo dogo lenye maana: aanze kazi baada ya saa za dawa. Kazi ikiwa ya kiwandani, msimamizi aelezwe kwa ruhusa ya mfanyakazi pekee, na aelezwe kwamba huyu ana matibabu ya kila asubuhi kama mgonjwa mwingine yeyote. Haihitajiki kusema zaidi.

Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari. Dozi huanza chini na kupandishwa taratibu, mteja bado ana maumivu, na wengine huongezea heroini, vidonge vya usingizi au pombe juu yake. Vitu hivyo vikikutana, pumzi hupungua. Kila mhudumu ajue dalili: mtu haamki akiitwa wala akifinywa, anapumua kwa shida au kwa kukoroma, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo sana. Alazwe ubavu, mdomo usafishwe, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali kwa usafiri wowote uliopo. Maziwa, maji ya baridi na chumvi mdomoni vinaweza kumpalia na kumuua; desturi hiyo ikomeshwe kabisa. Mwelezeni daktari ukweli kuhusu alichotumia. Hatari hiyo hiyo humfuata anayetoka gereza la Butimba au kituo cha polisi baada ya wiki kadhaa bila dawa: akirudia kipimo chake cha zamani, mwili haukiwezi tena. Kikundi kiwe na mtu wa kumpokea siku ya kutoka. Kusubiri hadi wiki ijayo ni kuchelewa.

Mkiwa kliniki, msitoke na methadoni peke yake. Vipimo vya VVU, kifua kikuu na homa ya ini vinapatikana hospitalini, na kwa anayejidunga vina uzito wake. Kwa anayeishi mialoni vina uzito hata kama hajidungi.

Kinga: kinachofanya kazi na kinachopendeza tu

Kila Juni 26 dunia huadhimisha siku ya kupiga vita dawa za kulevya, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1987. Mwaka 2024 kilele cha kitaifa kilifanyika hapa Mwanza. Maandamano, ngoma na fulana vina nafasi yake, hasa kuwakumbusha wakubwa kwamba tatizo lipo. Kama kinga kwa kijana wa miaka 14 vina thamani ndogo sana, na bajeti ya kikundi iakisi ukweli huo.

Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu ilitoa viwango vya kimataifa vya kinga mwaka 2013, na mwaka 2018 ikavitoa upya pamoja na Shirika la Afya Duniani. Yaliyomo yanawakera watu wengi wa kazi hii. Kwa shule, viwango hivyo vinataja mambo yanayoonekana kutosaidia au hata kudhuru: mihadhara ya upande mmoja, kutisha watoto, kuleta mtu aliyewahi kuwa mraibu atoe ushuhuda, na kumtumia polisi kama mwalimu wa somo hilo. Ndiyo ratiba kamili ya ziara za shule tunazozijua. Ushuhuda huvutia machozi ya walimu, na baadhi ya wanafunzi huondoka wakiwa wameona kwamba yule bwana alitumia miaka kumi na bado yuko hai, amevaa vizuri na anapigiwa makofi.

Yanayosaidia ni ya taratibu na hayana picha nzuri. Vipindi mfululizo vinavyoongozwa na mwalimu aliyefunzwa, wanafunzi wakifanya mazoezi ya kukataa, kuamua na kumaliza ugomvi. Mafunzo ya wazazi kuhusu kusimamia watoto bila kipigo. Kumrudisha mtoto shuleni. Mwanza ina mashirika ya muda mrefu yanayoshughulika na watoto wa mitaani na ukatili majumbani, na kikundi chenu kitafanya vema kupeleka watoto na akina mama huko badala ya kuanzisha dawati jipya lisilo na mtaalamu. Mtu aliyepata nafuu ana kazi kubwa kuliko jukwaa la shule: kuwa mwelimishaji rika maskani, ambako hakuna wa kumchukulia nafasi.

Nyumba za upataji nafuu

Mfadhili wa kwanza atawashauri mfungue nyumba ya upataji nafuu. Jibu la kawaida liwe hapana, kwa sasa. Nyumba yenye vijana ishirini inahitaji chakula, mhudumu wa usiku, uhusiano na hospitali, vyoo, na mtu anayejua degedege akiliona. Upande wa Zanzibar na Dar es Salaam nyumba hizi zimesaidia wengi, nyingi zikiendeshwa na watu waliopita njia hiyo wenyewe, lakini waliofaulu walikuwa na miaka ya mikutano na nidhamu kabla ya kupanga nyumba. Kama bado mnaitaka, nendeni kwanza DCEA na kwa mganga mkuu wa halmashauri mkapate masharti kwa maandishi. Hakuna minyororo, hakuna viboko, hakuna kumzuia mtu mzima asiondoke, na familia zisiahidiwe uponyaji kwa ada ya miezi mitatu. Mtoto chini ya miaka 18 asilale humo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamweka chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii, na huko ndiko aelekezwe siku hiyo hiyo.

Usajili, fedha na wahudumu

Kikundi cha kijamii huanza kwa kutambuliwa na halmashauri kupitia ofisa maendeleo ya jamii. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 na marekebisho yake, na hutoa taarifa kwa Msajili kila mwaka. Mkiwa watu kumi na mtaa mmoja, anzeni na kikundi cha kijamii. Wateja wenu wenye umri wa vijana wanaweza kuunda kikundi na kuomba mkopo unaotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia nne ni ya vijana. Msiwasukume huko kabla hawajatulia kwenye matibabu. Deni la kikundi juu ya mtu anayeyumba limewarudisha wengi maskani.

Kujitolea hakumaanishi kutolipwa nauli. Mhudumu anayetembea Kirumba hadi Igombe kwa fedha yake ataacha ndani ya miezi miwili, au atakopa kwa mteja, na la pili ni baya zaidi. Posho iwe ndogo, ijulikane kwa wote na itoke kwa tarehe. Mwelimishaji rika aliyewahi kutumia asipelekwe peke yake maskani aliyotoka, na asikabidhiwe fedha za wateja. Akirudia kutumia, na baadhi hurudia, aondolewe mtaani mara moja na arudishwe kwenye huduma siku hiyo hiyo, bila mkutano wa kumwaibisha. Utaratibu huo uandikwe kabla haujahitajika.

Katika ripoti, idadi ya "waliofikiwa na elimu" haina maana kubwa. Hesabuni wangapi walifika kliniki, wangapi bado wanahudhuria baada ya miezi mitatu, wangapi wana kazi, na wangapi hamjui walipo. Namba ya mwisho huwaudhi wafadhili, ila ndiyo inayoonyesha kama kalenda yenu inaendana na ziwa.

Na mradi huisha. Tangu mwezi wa kwanza, fahamuni ni tarehe gani fedha zitakoma, na miezi mitatu kabla yake muwaambie wateja kwa mdomo, mmoja mmoja. Orodha ya wanaohudhuria ikabidhiwe kwa muuguzi wa kliniki kwa idhini yao, na wale wanaotegemea nauli yenu watafutiwe ndugu, tajiri, msikiti au kanisa la jirani litakaloibeba. Daftari lenye majina halisi lisiachwe katika ofisi ya kupanga. Likabidhiwe kwa mwenye mamlaka ya kisheria kulitunza, au lichomwe mbele ya mashahidi wawili.